Deki ya Sidi Ikikohoa, Usikimbilie Kubadilisha Jicho

Huku Eastlands, kuanzia Majengo ya Pumwani hadi Buruburu, Umoja na Donholm, ukiingia nyumba nyingi za watu wenye asili ya pwani utaikuta bado deki ya sidi juu ya kabati ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Simu zimekuja, nyimbo na mawaidha yamejaa mtandaoni, lakini deki haitolewi. Haitolewi kwa sababu ziko sidi ambazo huwezi kuzipata mahali pengine popote: maulidi ya mtaa yaliyorekodiwa miaka hiyo, harusi ya dada, kaswida za madrasa ambayo mwalimu wake ameshatangulia mbele ya haki. Na deki zenyewe zimezeeka. Nyingi zimepita miaka 15, nyingine 20 na zaidi, na zimeanza kukohoa.

Kwa kuwa nilisomea stashahada ya umeme, majirani huniita. Malalamiko aghalabu ni yale yale: "Haisikiki vizuri." Basi hapo ni kama mtu kwenda kwa daktari akasema "naumwa" kisha akanyamaza. Kuna deki inayoruka, kuna inayokwaruza, kuna iliyofifia kama mtu anayezungumza ndani ya blanketi, na kuna inayonguruma. Hayo ni maradhi mbalimbali, na dawa zake ni mbalimbali. Lakini fundi mwenye haraka huyapa yote jibu moja: jicho limekufa, lete pesa tubadilishe jicho. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi si kweli, na mwenye deki hulipa pesa, akarudi nyumbani, na mngurumo ukawa pale pale.

Ili ujue fundi anakuambia kweli au anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, yafaa ufahamu kidogo jinsi sidi inavyofanya kazi.

Sidi ilitolewa sokoni mwaka 1982 na kampuni za Sony na Philips. Tofauti na kaseti, sidi haibebi sauti yenyewe. Inabeba hesabu. Sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, upande wa kushoto na wa kulia, na kila kipimo huandikwa kama nambari. Nambari hizo ni vishimo vidogo mno vilivyopangwa kwenye mstari mmoja unaozunguka kama koili ya dawa ya mbu, kuanzia katikati kwenda nje. Sidi iliyojaa, ukiunyoosha mstari huo, unapita kilomita 5. Mizunguko yake imekaribiana kiasi kwamba katika upana wa unywele mmoja wa kichwa inaingia zaidi ya 30. Jicho la deki, yaani ile lenzi ndogo iliyo juu ya leza, linafuata mstari huo kwa mwanga mwekundu uliopita kiasi cha macho yetu kuuona. Linasoma vishimo, mashine inageuza hesabu kuwa sauti, kisha sauti inapita kwenye waya hadi kwenye amplifaya na spika.

Sasa shika jambo hili moja, kwani ndilo ufunguo wa yote nitakayosema. Hesabu haififii. Nambari ama imesomeka ama haikusomeka. Kaseti ikichakaa, sauti hupoteza ukali wake polepole, ikawa nzito na ya mbali. Sidi haifanyi hivyo. Jicho likishindwa kusoma, utasikia kuruka, kukwama kwenye neno moja, kimya cha ghafla, au mlio mfupi mfupi wa tik-tik. Walakini ikiwa sauti imefifia, au upande mmoja umekufa, au pana mngurumo usiokoma hata wimbo unapokwisha, hapo jicho halina kosa. Ugonjwa uko mbele yake, pale ambapo hesabu imekwisha kuwa sauti: kwenye kitufe cha kuongezea sauti, kwenye waya, kwenye amplifaya, kwenye spika.

Ipo hali moja ya katikati. Waliobuni sidi walijua itakwaruzwa, kwa hiyo waliziandika hesabu kwa kuzichanganya na kuziwekea akiba. Mkwaruzo ukila kama milimita 2 na nusu za mstari, mashine inarudisha hesabu zilizopotea zikiwa kamili, wala husikii lolote. Ukizidi hapo, mashine inakisia: inaangalia nambari ya kabla na ya baada, inatia ya katikati. Kukisia kukizidi, sauti inakuwa na ukakasi fulani hasa kwenye ala zenye milio ya juu, kabla haijaanza kuruka kabisa. Ukitaka kuusikia ukakasi huo, weka udi. Mimi napenda kupimia rekodi za Zein Musical Party ya Mombasa, ile sidi ya "Mtindo wa Mombasa" iliyotolewa London na GlobeStyle mwaka 1990. Udi ukipigwa kwenye deki nzima, kila uzi unasikika ulipoguswa na unavyozimika. Kwenye deki mgonjwa, uzi unasikika kama umepigwa kwa mchanga.

Kwa hiyo kabla hujamwita mtu, na kabla hujagusa bisibisi, fanya uchunguzi wa dakika 10. Hauna gharama.

Tafuta sidi ya dukani, ile iliyotengenezwa kiwandani, safi isiyokwaruzwa. Icheze. Ikiwa inacheza vizuri na zile za kuchomwa nyumbani ndizo zinazoruka, umeshajua mengi, na nitarudi hapo. Kisha chomeka vifaa vya masikioni kwenye tundu la mbele la deki, kama analo. Sauti ikiwa safi masikioni na mbovu kwenye spika, basi deki ni nzima. Tafuta ugonjwa kwenye waya na spika. Halafu chukua simu yako, iunganishe kwa waya kwenye tundu la AUX la amplifaya ile ile. Simu nayo ikitoa sauti mbovu, deki haina hatia. Mwisho, kama upande mmoja ndio uliozimika, nyuma ya deki utaona plagi mbili, nyekundu na nyeupe. Zichomoe kwenye deki, uzibadilishe mahali. Ikiwa ukimya umehama na kwenda kwenye spika ya pili, deki ndiyo inayotoa upande mmoja tu. Ikiwa ukimya umebaki kwenye spika ile ile, deki iache, tatizo liko kwenye waya, amplifaya au spika.

Nimeona watu wakilipa kubadilishiwa jicho kwa ugonjwa ambao ungegundulika kwa kubadilisha plagi hizo mbili.

Tuanze na sidi yenyewe. Vumbi na mafuta ya vidole ndiyo huleta kuruka kwingi. Ioshe kwa maji na sabuni kidogo ya vyombo, kwa kidole, kisha ikaushe kwa kitambaa laini cha pamba. Pangusa kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe mkono kama unavyopangusa sahani. Sababu yake ni ile akiba niliyoitaja: mkwaruzo unaokata mstari kwa upana unakula kipande kidogo cha kila mzunguko, na mashine inakijaza. Mkwaruzo unaofuata mstari unakula kipande kirefu kwa mfululizo, na hapo mashine haina pa kukisia.

Na watu wengi hawajui kuwa upande wa hatari zaidi ni ule wa juu wenye maandishi. Upande wa chini una plastiki ya zaidi ya milimita 1 inayolinda. Mkwaruzo mwepesi huko unaweza kupunguzwa hata kwa dawa nyeupe ya meno, ukiisugua taratibu kisha ukaiosha. Upande wa juu una rangi nyembamba tu, na chini yake papo hapo ndipo kuna ule utando unaong'aa unaorudisha mwanga. Ukikwaruza hapo hakuna dawa, ni kama kuchubua kioo cha kujitazamia kwa nyuma. Iinue sidi dhidi ya taa: ukiona vitobo vya mwanga, vile ni vidonda vya kudumu.

Tena kuna sidi zile za barabarani, zenye nyimbo 100 au 150 katika sidi moja. Hizo ni MP3, zimebanwa. Aliyezibana akizibana kupita kiasi, basi matoazi yanalia kama maji ya bomba na sauti ya mwimbaji inakuwa na kivuli. Hapo hata ukinunua deki mpya, hali ni hiyo hiyo. Nimeshaitwa mara kadhaa kutibu deki kumbe mgonjwa ni sidi ya namna hii.

Sasa deki. Mimi huwa nasema deki iliyokulia Mombasa kisha ikahamia Kayole ina maradhi ya kote kuwili. Hewa ya bahari, nyie mlio Mji wa Kale au Lamu mnaijua, inakula chuma na shaba: plagi zinaota kutu ya kijani, na kila kitufe kinakuwa na utando. Huku Nairobi kuna vumbi. Barabara za udongo mwekundu, majengo yanayoota kila kona, jiko la makaa kwenye veranda. Vumbi hilo huingia kwenye kila tundu la kupumulia la deki, likakaa juu ya jicho na kwenye grisi ya reli.

Kutu ya plagi ndiyo rahisi kuliko yote na ndiyo inayosahauliwa. Ukisikia sauti inakuja na kutoweka, au upande mmoja unarudi ukigonga kabati, zima mitambo, chomoa plagi za sauti, zipanguse kwa kitambaa kilichotiwa spiriti, kisha uzichomeke na kuzizungusha kushoto na kulia mara kadhaa ndani ya tundu ili chuma kikwangue chuma. Kitufe cha sauti kinachokwaruza kinapozungushwa nacho kina ugonjwa huo huo. Kizungushe mara 20 hivi kutoka mwanzo hadi mwisho mitambo ikiwa imezimwa, na mara nyingi kitanyamaza kwa miezi.

Tukija kwenye jicho. Hapa nisikilize vizuri kwani ndipo mahali pa kuharibia. Kwanza, chomoa waya kwenye soketi ya ukutani. Si kuzima kwa rimoti, bali kuchomoa. Ndani ya deki kuna sehemu zenye volti 240, na hazitaki mzaha. Pili, usiwashe deki iliyofunuliwa ukachungulia jicho. Mwanga wake mwingi hauonekani, lakini unaweza kuunguza ndani ya jicho lako la kichwani. Tatu, lenzi imekaa juu ya nyaya nyembamba kama unywele, inaelea. Ukiikandamiza utazipinda, na hapo kweli utahitaji jicho jipya.

Fungua kifuniko cha juu kwa bisibisi ya nyota. Kama kuna kibao kinachoshika sidi kwa juu, kiinue. Utaiona lenzi, kitone cha rangi ya samawati au zambarau. Puliza vumbi kwa mpira wa kupulizia, ule wa kunyonyea makamasi ya mtoto, ulio mpya na mkavu. Usipulize kwa mdomo, utatia mate. Kisha chukua kijiti cha pamba, kitie spiriti safi ya isopropili, kikamue kisidondoke, na uiguse lenzi kwa mzunguko mmoja mwepesi. Malizia kwa kijiti kikavu. Basi. Usitumie ile spiriti ya vidonda yenye rangi, inaacha utando. Wala uturi, wala mafuta ya taa. Kuna bwana mmoja wa Shauri Moyo aliniambia aliisafisha kwa marashi ya Zanzibar, na deki kweli ilinukia vizuri.

Zile sidi za kusafishia zenye vibrashi vidogo chini sizipendi. Brashi inaigonga lenzi kwa mwendo wa mashine, na uchafu uliogandamana hautoki kwa kupigwapigwa.

Ukiwa umefungua hapo hapo, tazama reli. Jicho husafiri juu ya vyuma viwili au kimoja kutoka katikati kwenda nje, na sidi inasomwa kwa mpango huo huo: wimbo wa kwanza uko ndani, wa mwisho uko ukingoni. Kwa hiyo sidi inayocheza vizuri nyimbo 5 za mwanzo kisha ikaanza kukwama kuelekea mwisho, kila sidi na mahali pale pale, inakuambia kuwa jicho linapata taabu kutembea. Grisi ya kiwandani imekauka, vumbi la Nairobi limechanganyika nayo, imekuwa gundi. Ifute kabisa kwa spiriti, kisha upake grisi nyeupe nyepesi kidogo tu, kiasi cha punje ya mchele. Mafuta ya nazi na ya kupikia yasiingie humo, yataganda.

Dalili nyingine ya grisi ni baridi. Mwezi wa Julai asubuhi, deki inakataa kusoma, saa nne inacheza bila neno. Inawezekana pia lenzi imeshika unyevu, kama miwani ya mtu anapoinamia chai. Iache iwake nusu saa bila sidi. Lakini kama mambo ni kinyume, yaani inaanza vizuri na ikipata moto ndipo inaruka, hapo pengine kuna lehemu iliyopasuka au leza inayochoka, na hiyo ni kazi ya fundi.

Leza huchoka, hilo sikatai. Dalili yake ina mpangilio: kwanza inakataa sidi za kuchomwa, halafu inachagua hata za dukani, mwisho inaandika haioni sidi. Sidi za kuchomwa zinakataliwa kwanza kwa sababu hazina vishimo vya kweli. Zina rangi ya kemikali iliyounguzwa alama na leza ya kompyuta, nazo hurudisha mwanga hafifu kuliko sidi ya kiwandani. Zile za kufuta na kuandika tena ndizo dhaifu kabisa. Sasa kuna mafundi ambao, badala ya kubadilisha jicho, hukaza kiskurubu kidogo kilicho ubavuni mwake ili leza ipate umeme mwingi. Deki inafufuka, mwenye deki anafurahi, analipa. Lakini ni kumpigia mboko punda mzee: anakimbia leo, na siku zake umezipunguza. Kama fundi amekaza bila kukuambia, hiyo naiita dhuluma.

Na ikiwa ni kubadilisha kweli, majicho mengi yanapatikana madukani Luthuli Avenue, hasa ile aina ya KSS-213 ya Sony iliyotumika kwenye deki za majina mengi. Muulize fundi swali moja tu: "Lile tone la lehemu utalitoa?" Jicho jipya huja likiwa na tone dogo la lehemu kwenye ubao wake, linaloilinda leza isiuawe na umeme wa mwili wa mtu. Linatakiwa kuondolewa likishaunganishwa. Fundi anayejua atatabasamu. Asiyejua atakutazama kama umeongea Kichina, na hapo chukua deki yako uende.

Yaliyobaki nitayapita kwa haraka. Mngurumo mzito wa kudumu, na besi iliyopotea, mara nyingi ni kapasita. Ni vile vikopo vidogo vya mviringo vilivyo kwenye bodi ya umeme. Ndani vina maji ya kemikali ambayo hukauka miaka ikipita. Kikopo kilichovimba kichwa au kuvuja kinajionyesha chenyewe. Bei yake ni ndogo, lakini usivishike kwa vidole kwani hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya, mpe fundi. Mngurumo ukiondoka pale unapochomoa waya wa antena ya televisheni iliyounganishwa na amplifaya hiyo hiyo, basi si kapasita, ni vyombo viwili vinavyogombana kupitia waya. Na wenye deki zilizoletwa na jamaa kutoka Saudia, tazameni nyuma kama kuna swichi ya volti. Kule kulikuwa na umeme wa 127, hapa ni 240. Hakikisheni iko mahali pake kabla ya kuchomeka.

Spika nazo. Ile pete laini inayozunguka karatasi ya spika, ikiwa ni ya sponji, huoza ikawa kama mkate mkavu. Besi ikipigwa, unasikia karatasi inapatapata. Ibonyeze taratibu kwa vidole pande zote. Ikimomonyoka, umeshapata jibu. Na kama umehama nyumba karibuni na tangu hapo besi imepotea na mwimbaji hana mahali anaposimama, angalia nyaya za spika. Huenda umeunga moja sawa na nyingine kinyume, nyekundu kwenye nyeusi. Spika moja inasukuma hewa nyingine inavuta, na besi inakufa katikati. Geuza nyaya za spika moja tu, usikilize.

Sasa nirudi kwenye sidi za kuchomwa, kwa sababu hapo ndipo penye hasara isiyolipika.

Mama mmoja mtu mzima wa Majengo aliniita. Ana sidi ya marehemu babake akisoma Barzanji kwenye maulidi ya mtaani, imechomwa kutoka kwenye kaseti ambayo ilishapotea zamani. Fundi alishamwambia jicho limekufa. Nikamuuliza, "Shikamoo bi, za dukani zinacheza?"

"Marahaba. Zinacheza mwanangu. Hii ya baba ndiyo haitaki. Wajua amesusa?"

Nilisafisha lenzi, nikafuta reli. Deki ikaisoma hadi karibu na mwisho, ikakwama penye dua. Niliigeuza sidi: juu yake ilikuwa imebandikwa karatasi yenye jina, na ukingoni karatasi ilikuwa imebanduka na kuondoka na kipande cha ule utando unaong'aa. Deki ilikuwa imefanya kazi yake. Aliyekuwa akifa ni sidi.

Hapo hakuna kungoja. Sidi kama hiyo usiicheze tena na tena kufurahisha wageni. Ipeleke kwenye kompyuta yenye tundu la sidi, uinakili kwa mwendo wa polepole, na uihifadhi kama faili la WAV au FLAC. Usianze na MP3, kwani ukishabana huwezi kurudisha. Kompyuta yangu ilishindwa na sehemu ya mwisho. Haimaanishi imepotea: kila mashine ina jicho lake na uvumilivu wake. Nilienda kwenye saiba moja Buruburu yenye kompyuta za mezani za zamani, na ya pili kati yao ikaisoma hadi mwisho, isipokuwa mahali pawili ambapo sauti inakatika, kila pahali chini ya sekunde 2. Pa kwanza ni katikati ya "Amin." Pa pili ni jina la mtu aliyekuwa akiombewa, na mama huyo alisikiliza mara tatu akasema hamkumbuki alikuwa nani.

Kwa hivyo wenye sidi za namna hiyo, zitengeni leo na zile za nyimbo za kununua. Msizibandike karatasi, msiziandike kwa kalamu ya wino mgumu inayochoma. Iko kalamu laini ya sidi, na mahali salama pa kuandika ni pale katikati penye plastiki tupu. Zisikae dirishani juani, wala juu ya amplifaya inayotoa joto. Zisimamishwe wima ndani ya kasha lake, kabatini. Nakala ikae mahali pawili, moja kwako na moja kwa ndugu aliye nyumba nyingine, Mombasa au popote. Flashi moja iliyo kwenye pochi si hifadhi.

Na deki yenyewe, ikishapona, icheze angalau mara moja kwa wiki, reli zisigande. Kile kitambaa cha kufuma kitoe wakati inawaka, kwani matundu ya juu ni ya kutoa joto. Usiku ifunike tena, vumbi la Eastlands halilali.